Usukani Haukuwa Mkononi Mwangu

Kama leo ndiyo unanikuta kwa mara ya kwanza, sogea nikuweke sawa haraka haraka, maana nina mengi na pumzi ni chache.

Mimi ni dereva wa ambulensi. Mtaani wananiita King'ora, wakubwa kwa watoto, hadi watu nisiowajua. Nilikuwa na mchumba, mpima viwanja. Yeye walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

Asubuhi moja, nikitoka zamu ya usiku, Taratibu alinifuata hospitali na kigari changu nilichozoea kumwachia nikiwa kazini. Yeye akashika usukani, mimi nikakaa kiti cha abiria. Hatujafika mbali, usingizi ukanibeba, kichwa begani kwake.

Kilichoniamsha ni kishindo.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa amelala kando ya barabara, karibu na ukuta wa ghala, kiatu kimoja kule, yeye huku. Barabara tupu. Taratibu ameshika usukani kama aliyegandishwa.

"Amejitokeza tu," akasema. "Amejitokeza ghafla."

Leseni yake ilikuwa imeisha muda. Safari yake ya kwenda kufanya kazi nje ya nchi ilikuwa imekubaliwa, angeondoka baada ya ndoa yetu, na mimi ningemfuata. Yote hayo yalinipita kichwani kwa mpigo mmoja, nimepiga magoti, namfunga yule mama mguu kwa mtandio wangu. Na hapo hapo, bila kuombwa na mtu, nikafungua mdomo wangu huu.

"Ondoka. Nitasema nilikuwa mimi."

Hakubisha. Nilijiambia ni mshtuko.

Polisi walinikuta peke yangu, nikaandika maelezo, nikatia saini. Wiki iliyopita niliwasimulia nilivyosimamishwa kazi na leseni yangu ikachukuliwa, huku yule mama, fundi cherehani, amelazwa hajitambui katika hospitali ile ile ninayofanyia kazi.

Sasa sikiliza.

*

Kaka yangu mkubwa anachomelea mageti. Akija kwangu habishi hodi, mlango anausukuma kama anaupima uimara. Siku hiyo aliingia na nguo za kazi, cheche zimemtoboa shati kifuani, akabaki amesimama.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Kaka, si nimeshasema?"

"Umewaambia polisi. Mimi hujaniambia."

Nikajifanya natafuta kikombe.

"Mimi ndiye niliyekufundisha gari," akasema. "Wewe ukiona kuku mbele unasimama kama umeona treni. Leo uniambie umemgonga mtu mzima, kweupe, barabara tupu?"

"Ajali haichagui, kaka."

"Nitazame unapojibu."

Nikamtazama. Nikashindwa. Machozi yalipoanza sikuwa na haja ya kusema zaidi, lakini nilisema yote, kuanzia kishindo hadi saini.

Alikaa kitandani pangu. Alinitazama mpaka nikatamani anizabe kibao tuyamalize.

"Ninampenda," nikasema.

"Sikukuuliza hilo. Mapenzi mimi sina ugomvi nayo. Mimi mwenyewe nilioa sina hata godoro. Lakini nilijua sina godoro! Wewe ulijua nini?"

"Nilijua akikamatwa yeye, maisha yetu yamekwisha."

"Na ukikamatwa wewe ndiyo yanaanza?"

Nikajifuta machozi kwa kanga.

"Mama anamtegemea nani?"

"Mimi."

"Dawa za miguu yake?"

"Mimi, kaka."

"Leseni ikifutwa moja kwa moja, una kazi gani nyingine mkononi?"

Nikaviangalia viganja vyangu.

"Na yule mama akifa?"

"Hatakufa."

"Nimesema akifa."

"Sasa unataka niseme nini? Muda wa kufikiria yote hayo pale barabarani ningeupata wapi?"

"Muda wa kumwambia mwanamume aondoke uliupata."

Akasimama, akajipangusa suruali ingawa godoro langu ndilo lililochafuka.

"Nenda kabadilishe maelezo. Leo."

"Wataniweka ndani kwa kudanganya."

"Watakuweka. Kwa uongo. Bora uongo kuliko damu ya mtu."

Alitoka bila kuaga. Kaka yangu huyu anaaga hata paka.

*

Sikwenda. Niseme ukweli wangu wote hapa, sikwenda. Nilijilaza nikitazama dari, nikijitungia picha ya harusi, nikajiambia mwanamke wa kweli hamtupi mtu wake maji yakimfika shingoni.

Polisi ndio walionifuata. Walinipigia simu, nifike kituoni mara moja.

Mpelelezi alikuwa mama wa umri wa mama yangu mdogo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alinikaribisha kiti kwa upole. Wapole siku zile walikuwa wananitisha.

"Mwanangu, nieleze tena. Mama alijitokeza ghafla?"

"Ndiyo, mama."

"Ukafanya nini?"

"Nikakanyaga breki, lakini nikachelewa."

Alivua miwani, ikaning'inia.

"Barabarani hakuna alama ya breki. Hata chembe. Sasa hilo peke yake ningelimeza. Watu huganda. Lakini matairi yako yamepanda ukingo, upande wa ghala. Yule mama hakuwa barabarani. Alikuwa amesimama pembeni. Gari lilitoka njia yake likamfuata alipo."

Nilisikia maneno, lakini maana yake ilichelewa kufika.

"Likamfuata?"

"Ndivyo mafundi wetu walivyosema, na mimi nimekwenda kupaona kwa macho yangu. Ulikuwa na ugomvi na mama huyu?"

"Simjui! Sijawahi hata kumwona!"

"Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya gari?"

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni mama wa watu mwenye subira zake. Nikaiona sura ya Taratibu. Nikaiona ile safari.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa peke yangu."

Alinitazama kama anayemtazama mtu akivua viatu ili aingie kwenye moto.

"Basi rudi nyumbani ukafikiri vizuri. Nilikuwa ninaandika ajali. Sasa hivi sijui niandike nini."

*

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Taratibu. Simu zangu alikuwa hapokei tangu juzi yake, nami nikawa namtetea, ana kazi nyingi, ana mawazo, hapendi kuongea kwenye simu. Ukimpenda mtu unakuwa wakili wake hata asipokulipa.

Alinitoa nje ya ofisi, tukasimama kwenye korido, penye zile fimbo zao ndefu za kupimia zilizoegemezwa ukutani.

"Punguza sauti, mpenzi."

"Sijaanza hata kusema."

"Unahema kwa sauti."

Nikamsogelea. "Siku ile ulikanyaga breki?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi.

"Wewe ulikuwa umelala," akasema.

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Sikiliza vizuri. Ulikuwa umelala, kwa hiyo hujui. Na polisi wana maelezo yako kwamba ulikuwa unaendesha. Sasa utamwendea nani umwambie kwamba dereva hajui kama alikanyaga breki?"

Alisema hivyo kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto. Kisha akanishika kidevu.

"Waambie ulisinzia. Umetoka zamu, umechoka, macho yakafumba. Watakuhurumia. Si watu wa afya nyinyi? Kila mtu anajua mnavyoteseka."

Na mimi, msomaji wangu, nikakaribia kukubali! Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema sawa, ndipo mwenzake mmoja alipopita na mafaili kwapani, akampiga begani.

"Bwana mkubwa, ndege yako keshokutwa! Umetukimbia kweli kweli."

Akapita zake akicheka.

"Keshokutwa?" nikauliza. "Si ulisema baada ya ndoa?"

"Wameiharakisha. Nilikuwa nataka nikuambie tukikaa vizuri."

"Na mimi?"

"Utanifuata mambo yakitulia."

"Yakitulia wapi? Kituoni au gerezani?"

Akatazama huku na huku, halafu akaniinamia sikioni.

"Usikanyage ile wodi. Ukionekana pale watasema umekwenda kumtisha mgonjwa. Nakuambia kwa faida yako."

Nilishuka ngazi. Nje, njia ya nyumbani ilikuwa kushoto. Miguu ikaenda kulia, hospitalini.

*

Muuguzi wa wodi ile ni shoga yangu. Tumegawana chakula baridi kwenye zamu zisizohesabika. Aliponiona akaacha troli lake katikati ya njia.

"King'ora, hapa hutakiwi. Nikikuingiza na mimi nakufuata huko nyumbani."

"Anaendeleaje?"

Akasita. Moyo wake ukamshinda.

"Amefumbua macho leo. Hajasema kitu, lakini anatuelewa. Ukimwambia akubane kidole anabana."

"Niruhusu nimwone tu."

"Binti yake yupo. Hakujui kwa sura. Usijitambulishe, usilie, usikae. Mimi sijakuona."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja tu. Mama alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa, mdomo umekauka, macho wazi yakitazama feni isiyozunguka. Pembeni binti yake anamlowesha midomo kwa pamba. Mwanamke mdogo, mwalimu wa watoto wadogo, vumbi la chaki bado kwenye mkono wa gauni lake.

"Karibu, dada. Wewe ni wa hapa?"

"Mimi ni wa ambulensi," nikasema. Haikuwa uongo.

Akaweka pamba chini.

"Usiniambie ndiye wewe uliyemfunga mama mguu! Daktari alisema bila kile kitambaa tungekuwa tumeshamzika."

"Ndiyo mimi."

Alinishika mikono yote miwili, akaiweka usoni kwake, akanilowesha kwa machozi. Afadhali angenitemea mate.

"Mungu akuweke, dada yangu. Mama, huyu ndiye aliyekuokoa!"

Mama akanitazama. Macho yale yalikaa usoni pangu, yakafinyika kidogo, kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Nikaogopa. Ili nisimtazame nikauliza, "Kwani mama alikuwa akielekea wapi asubuhi yote ile?"

Binti akashusha pumzi.

"Ni mimi, dada. Ni ujinga wangu. Mama alikuja akaniambia amemwona mume wangu mjini, ndani ya kigari na mwanamke. Nikamwambia umefananisha, sindano za cherehani zimekuchosha macho. Mume wangu yuko mbali, anapima viwanja huko wanakofungua mji mpya, huwa harudi mpaka mwisho wa mwezi. Tukagombana vibaya. Mama akasema basi, atakwenda kumsubiri pale pale alipomwona, amsimamishe kwa mkono wake."

Sakafu ilikuwa pale pale, lakini mimi nilikuwa siisikii tena.

"Hata kabla hajanioa, mama alinisihi niulizie kwao kwanza, nijue ametoka wapi," akaendelea. "Nikasema mtu ukimpenda humchunguzi. Na yeye jinsi alivyo mpole! Hata kuku hajawahi kumfukuza. Mama tu ndiye hakumpenda."

Simu yake ikalia.

"Si huyu hapa! Ngoja nimweke kwenye spika, mama asikie sauti ya mkwe wake. Labda atafurahi."

Akabonyeza.

"Mke wangu," simu ikasema. "Taratibu. Usilie."

Nimeisikia sauti hiyo ikiniaga, ikinibembeleza, ikiniposa kwa mama yangu. Sikuhitaji neno la pili.

"Mama amefumbua macho!" binti akapiga kelele.

"Ameongea?"

"Bado."

"Hata neno moja?"

"Bado, mume wangu. Mbona huulizi anaendeleaje?"

"Nina hamu ya kumsikia tu. Uko na nani hapo?"

"Niko na dada wa ambulensi, yule aliyemsaidia barabarani."

 

"Mpe nimshukuru," akasema. "Ondoa spika, tusimchoshe mgonjwa."

Binti akanikabidhi simu huku anatabasamu. Nikaiweka sikioni kama mtu anayeweka kaa la moto.

"Nilikukataza kukanyaga hapo," Taratibu akasema. "Sasa nisikilize, na usibadilishe uso, anakutazama. Mwanamke aliye mbele yako hajui nani amemgonga mama yake. Jina lililoko polisi ni lako. Nikitamka sentensi moja tu, atakukaba koo kwa mikono yake. Nimtamkie? Au utaniambia asante, utamrudishia simu, na utakwenda nyumbani kulala?"

Binti alikuwa anasubiri. Mama alikuwa ananitazama.

Nikakumbuka maswali ya kaka. Safari hii nikayajibu moja moja, kimya kimya, simu ikiwa sikioni. Nikinyamaza, mtu huyu anapanda ndege, mama huyu hana wa kumlinda, na mimi nafungwa kwa kitu kikubwa kuliko ajali. Nikisema, nafungwa kwa uongo, nachukiwa na binti huyu, kazi naipoteza, mama yangu anaaibika mtaani kote. Njia zote mbili zilikuwa na gereza. Lakini moja ilimwacha mgonjwa kitandani akiwa hai.

"Mwambie," nikasema.

"Nini?"

"Nimesema mwambie. Au nimwambie mimi."

Nikamsikia akivuta pumzi. Nyuma ya pumzi yake kulikuwa na sauti ya magurudumu ya machela, na mtu anaita jina la mgonjwa dirishani. Ninaijua ile sauti ya dirishani. Ni ya mapokezi yetu, chini.

"Vizuri," akasema. "Nitamwambia ana kwa ana. Napanda."

Simu ikakatika.

"Anasemaje?" binti akauliza.

"Anakuja. Yuko hapa hospitalini."

Uso wake ukachanua kama taa imewashwa. "Kumbe alikuwa njiani, ananishtukiza! Mama, umesikia? Mkweo anakuja!"

Ghafla mkono ukanidaka kifundo cha mkono wangu. Baridi, lakini una nguvu ambayo sikuitegemea. Mama alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, mshipa wa shingo umesimama, midomo inatafuta neno na hailipati. Mrija wa dripu ukanyooka mpaka chupa ikayumba.

"Mla..." akasema. "Mlango."

"Ameongea!" Binti akapiga makofi, machozi yanamtoka. "Dada, mama ameongea! Anataka tumfungulie mlango!"

"Fu... fungeni."

Nikaruka. Miaka yote nimepitisha machela katika milango ya hospitali hii, na sikuwahi kujali kwamba haina komeo wala kitasa. Inasukumwa tu, huku na huku. Nikaigandamiza kwa mgongo, nikakita visigino sakafuni.

"Mwite muuguzi!" nikamwambia binti. "Piga kelele! Mume wako ndiye aliyemgonga mama yako. Nilikuwa naye ndani ya gari. Nilidanganya polisi. Piga kelele, nakuomba!"

Tabasamu likabaki usoni mwake peke yake, macho yameshaondoka. Alinitazama mimi, akamtazama mama yake, akanitazama tena. Kisha uso wote ukabadilika, na aliyeaminiwa hakuwa mimi.

"Wewe ndiye mwanamke wa kwenye gari."

"Ndiyo, lakini nisikilize..."

"Toka mlangoni."

"Dada, akiingia..."

"Toka mlangoni! Mwache mume wangu aingie!"

Akanirukia, akanishika nywele kwa mikono miwili, akanivuta kwa nguvu zake zote. Na nyuma ya mgongo wangu mlango ukaanza kusukumwa.